Kitone cha Nta Pembeni mwa Kioo

Nawasikia. Masikio yangu ni mabovu, lakini baraza yenu iko chini ya dirisha langu, na kila Ijumaa mkitoka msikitini mnagombania sinema utadhani mnagawana urithi. Mmoja anasema hakuna kama za Kihindi, mtu analia machozi ya kweli. Mwingine anaapa kwa zile za Wamarekani, za farasi na bunduki. Yule mrefu yeye ni Misri tu, eti kwa sababu wanavaa vizuri. Haya, vaeni nanyi basi, tuwaone.

Nisingetia mdomo wangu. Lakini juzi nimesikia kwamba wawili kati yenu mmepewa kazi ya kusimama kando ya pazia na kuwaeleza watu kinachosemwa kwenye picha. Nikaacha kahawa yangu ikapoa. Vijana wangu, hiyo ilikuwa kazi yangu mimi Kibwana, hapa hapa Bagamoyo, kabla mama zenu hawajazaliwa, zamani za Sayyid wa Unguja, Wadachi wa Ujerumani hawajateremsha hata sanduku moja. Picha zetu zilikuwa hazitembei. Zilisimama, mimi ndiye niliyezitembeza kwa mdomo. Watu waliniita Kibwana Msemaji, na nilipenda kuitwa hivyo. Mtaona nilipenda mno.

Sanduku la picha lilikuwa la Mgoa mmoja, Bwana Lorenso, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, mpole, anayevaa kofia hata akiwa ndani. Lilikuwa la bati, lina taa tumboni, bomba la kutolea moshi juu, na jicho la kioo mbele. Unatia kipande cha kioo chenye picha baina ya taa na jicho, na picha inatokea kwenye shuka nyeupe ya merikani, kubwa kama ukuta. Tulifanyia ndani ya ghala la ngozi lililokuwa tupu, karibu na forodhani. Madirisha tuliyaziba kwa udongo na mikeka, kwa hiyo hata saa kumi ya alasiri ndani kulikuwa giza totoro. Na harufu! Ngozi zilikwisha kusafirishwa zamani, harufu yake ikabaki. Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi mbichi naona theluji.

Theluji, ngojeni niwaambie. Mara ya kwanza nilipoiona kwenye kioo sikujua ni kitu gani. Milima myeupe, mbuzi watatu, mtu na fimbo. Watu wananitazama. Nikasema kwa sauti yangu nene, "Na hii ni nchi ya chumvi." Wakaguna, subhanallah. Mzee mmoja aliyetoka Miono akainua mkono akauliza, "Bwana Msemaji, na hao mbuzi wanakula nini?" Nikamjibu bila kumeza mate, "Wanalamba." Ghala zima likaridhika. Bwana Lorenso alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Baadaye akanikalisha akanieleza maji yanavyoganda kwa baridi, kisha akaniambia neno ambalo ningelishika, nisingekuwa nawaandikia leo. "Kibwana, kama hujui, sema sijui. Watu hawatakimbia."

Nikasema ndiyo bwana, na moyoni nikasema, huyu hajui kazi ya kusema.

Kazi yenyewe, kwa mikono, niliijua vizuri, na haya yachukueni hata kama mengine mtayatupa. Shuka lazima uilowanishe na uivute kotekote, ikilegea, mnara ulio kwenye picha unapinda. Utambi ukatwe sawasawa, ukiwa na pembe unatoa moshi na nusu ya picha inakuwa giza. Kioo usikitie kikiwa baridi, kitapasuka mbele ya taa; kikumbatie kwanza kwenye viganja mpaka kipate joto. Kinatiwa kichwa chini, miguu juu, ndipo watu watokee wamesimama. Na kina mbele na nyuma: ukikitia kwa upande usio wake, picha inatokea vilevile, nzuri vilevile, ila kulia kumekuwa kushoto. Ndiyo maana Bwana Lorenso alinifundisha kubandika kitone cha nta kwenye pembe moja ya kila kioo. Katika giza dole gumba linapapasa, likikuta nta, unajua umekishika sawa. Kitu kidogo kama mbegu ya ufuta. Kikumbukeni.

Sasa maoni yangu, kwa kuwa nyinyi mna yenu. Vioo vyetu vilitoka kila pembe ya dunia. Vya Waingereza vilikuwa vingi kuliko vyote, vimetiwa rangi kiwandani, askari wamepangwa mstari, hakuna hata mmoja mwenye vumbi mguuni. Nilipokwenda Unguja nikavikuta vile vile kwa mtu mwingine, farasi yule yule, wingu lile lile. Nikavichoka siku hiyo. Vya Wafaransa vilikuwa na wanawake wengi wamekaa wanakunywa, na nikivionyesha masharifu wawili walikuwa wanatoka nje, kisha wanauliza wenzao mlangoni kumetokea nini. Kulikuwa na kimoja cha Japani, mwanamke amesimama kwenye mvua na mwavuli, basi. Hakuna zaidi. Watu walipiga kelele, "Mbona hafanyi kitu?" Mimi nilikipenda kuliko vya vita vyote. Kila nikikitia, mtu mmoja lazima atasema, anamngoja nani yule, na mwingine atamjibu, na ghala linageuka baraza.

Lakini vioo vya juu kabisa vilikuwa sita, na hivyo havikutoka kiwanda chochote. Alivichora mjomba wake Bwana Lorenso kwa mkono wake, huko kwao Goa, chumbani kwake, bila kuagizwa na mtu. Rangi zimepita mstari, pengine unaona unywele wa brashi umeganda ndani ya bahari. Vile ndivyo nilivyovitukuza. Ukivitazama unajua mtu fulani alikaa chini akataka kitu hiki kionekane. Cha nne kilikuwa bandari ya Bombay: meli ya moshi yenye herufi za Kizungu ubavuni, marobota gatini, na mbele kijana mweusi, kifua wazi, anavuta kamba kwa mkono wa kulia, uso wake umegeuka nusu.

Hapa nataka kuacha. Nimekwisha kuandika mpaka hapa mara mbili na mara mbili nimechana.

Siku moja akaja Bi Mwaka, mkulima wa Fukayosi, mama wa makamo, ameleta ufuta sokoni akavutwa na watu kuingia ghalani. Mwanawe wa pekee, Sefu, alikwenda Unguja akaajiriwa kutia makaa katika meli, na miaka mitano ilikuwa imepita bila barua wala salamu. Nilipotia kile kioo cha nne akauliza, "Hapa ni wapi, mwanangu?"

"Bombay, mama."

"Bombay! Sefu wangu aliondoka na meli ya Bombay."

Ghala likanyamaza. Mtu yeyote aliyewahi kusema mbele za watu anajua kimya kile, jinsi kinavyokuita. Ningeweza kusema Bombay kuna watu wengi, mama. Nikashusha sauti. "Basi mtazame vizuri huyo mwenye kamba," nikasema. "Damu haipotei. Si yeye?"

Akapiga ukelele ambao nausikia hadi sasa. "Sefu! Sefu mwanangu!" Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakasema alhamdulillahi, mtu akanikumbatia shingo. Nilitoka pale natembea kama niliyeoa. Wiki ile watu walitoka hata Zinga na Miono kuja kutafuta ndugu zao kwenye shuka ya merikani, na aibu yangu iwe bayana: niliwatafutia. Huyu kwenye umati, yule dirishani. Wakarudi makwao wamefurahi.

Sikujua kwamba Sefu ana mke.

Zuhura alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mkimya, anaishi kwa mkwewe Fukayosi na analima naye. Alikwisha kwenda kwa kadhi kueleza kwamba mumewe hajulikani alipo, hana matumizi wala habari, naye kadhi alikuwa ameulizia Unguja kote na alikuwa karibu kuivunja ndoa ile. Na mwanamume alikuwapo: Mfaume wa Zinga, mwenye minazi michache na heshima nyingi, aliyekwisha kusema wazi kwamba anamngoja. Sasa mkwewe anakuja na habari kwamba Sefu yu hai, ameonekana Bombay, anavuta kamba.

Alhamisi iliyofuata Zuhura akaja mwenyewe. Nilipotia kioo cha nne aliinuka mbele ya watu wote. Hakupaza sauti. "Kaka Kibwana," akasema, "mume wangu ana mashoto. Anakula kwa kulia kwa adabu tu, lakini jembe, panga, kamba, vyote kwa kushoto. Huyu anavuta kwa mkono wa kulia. Huyu siye."

Nyuma mtu akacheka. "Ana haraka ya kuolewa huyo!" Wakaangua kicheko wote. Na mimi, vijana wangu, nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimechomwa. Mbele ya watu wangu, katika ghala langu, mwanamke wa shamba ananisahihisha, na yuko sawa.

Kadhi aliposikia alisema yeye haendi kutazama masanamu. Ila mama ameapa kwamba ni mwanawe, kwa hiyo atamtuma karani wake na wazee wawili wakatazame na kumuuliza msemaji. Bwana Lorenso alikuwa Unguja kununua mafuta ya taa. Nilikuwa peke yangu na sanduku.

Asubuhi ya siku ile nilikaa na kioo mkononi muda mrefu. Kisha nikabandua kile kitone cha nta kwa ukucha, nikakipasha joto, nikakibandika kwenye pembe nyingine.

Basi, ndivyo nilivyofanya.

Walipoingia karani na wazee, kijana wa kwenye kamba akatokea anavuta kwa mkono wa kushoto. Herufi za meli zilikuwa zimegeuka kinyumenyume, lakini kati yetu pale ni nani aliyejua herufi za Kizungu? Karani aliandika. Wazee wakasema, mashallah, kushoto kweli, binti ndiye aliyeona vibaya. Bi Mwaka akaanza kulia upya. Karani akaniuliza, "Picha hii ni ya watu wa kweli, walikuwako hapo?" Nikasema, "Kama mnavyowaona, bwana."

Zuhura alikuwa amesimama ukutani. Watu wote walikuwa wanatazama shuka. Yeye peke yake aligeuka akatazama nyuma, kwenye taa, mikononi mwangu. Kwani angesema nini, walikwisha kumcheka.

Hukumu ya kadhi ilikuwa ya mtu anayemwogopa Mungu. Picha siyo ushahidi, alisema, lakini shaka imeingia kwamba mume yu hai, naye hatavunja ndoa ya mtu juu ya shaka. Wangoje habari.

Bwana Lorenso alirudi baada ya siku nne. Mimi nilikuwa najaza taa, yeye anafuta vioo. Nikasikia kitambaa kimesimama.

"Kibwana. Hii nta nani kahamisha?"

"Panya, bwana."

Akaniangalia. Uongo wangu haujawahi kujibiwa kwa subira kama ile. "Panya anajua kupasha nta?" akasema taratibu. Nikamweleza yote. Akavua kofia yake, mara ya kwanza kumwona kichwa wazi. "Huyu ni Tomasi," akasema. "Jirani wa mjomba wangu. Anauza mikate. Hajapanda meli hata siku moja. Mjomba naye Bombay hajafika, ameichora kwa kusikia tu. Nenda kwa kadhi kesho asubuhi, mapema, kabla watu hawajazoea."

Nilikwenda. Wallahi nilikwenda. Nilivua viatu, nikaamkia shikamoo, nikakaribishwa. Kadhi akaniuliza nina haja gani. Nikasema nimekuja kumjulia hali tu. Nikanywa kahawa vikombe viwili, tukazungumza habari za mvua, nikavaa viatu vyangu nikarudi. Bwana Lorenso aliniuliza kwa macho, nikainamisha kichwa, na tangu siku ile alivipasha vioo yeye mwenyewe. Kila akitaka kukionyesha cha nne, mimi natoka nje.

Mfaume alingoja mavuno mawili. Kisha akaoa huko huko Zinga, na hakuna aliyemlaumu. Nilikuwa namwona Zuhura sokoni na mzigo wa ufuta kichwani, mwaka hadi mwaka, nami naingia katika duka lolote lililokuwa karibu, nanunua sindano. Nilikuwa na sindano za kutosha kijiji kizima.

Baada ya miaka mitatu alishuka baharia kutoka Unguja, akafika Fukayosi na kofia ya Sefu na kisu chake. Sefu alifariki Aden kwa homa, katika mwaka wake wa kwanza wa safari. Alikwisha kuzikwa kabla sanduku la picha halijafika Bagamoyo. Mwenzake huyo alihamishiwa meli nyingine baada ya mazishi, na miaka yote hiyo hakupata njia ya kuja. Ndipo Zuhura akakaa eda ya mume ambaye, kama si mimi, angekuwa amekwisha kuachanishwa naye zamani, na angekuwa kwa Mfaume analea.

Siku chache baadaye, adhuhuri, Bi Mwaka alikuja ghalani. Nilikuwa peke yangu. Alikuwa amekonda. Nikamwandalia mkeka, nikaanza pole zangu, akanizuia kwa mkono.

"Niwashie picha ile," akasema. "Leo usiseme kitu."

Nikafunga mlango, nikawasha taa. Nikakipasha kioo, nta ilikuwa mahali pake, Bwana Lorenso alikwisha kuirudisha. Kijana akatokea kwenye shuka anavuta kamba kwa mkono wa kulia. Bi Mwaka akasogea mpaka karibu kabisa, kivuli chake kikaingia baharini. Alitazama muda mrefu. Humo ndani kulisikika utambi tu unavyoungua.

"Siye," akasema. "Hata pua siyo yake."

"Mama," nikaanza, "siku ile ya karani, mimi nilikigeuza kioo."

"Zuhura aliniambia siku ile ile, njiani tunarudi. Nikamwita muongo. Nikamwambia anamwombea mwanangu kifo." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe, mwanangu. Sikuwa naangalia."

Nilipofungua mlango, Zuhura alikuwa amekaa nje juani, pembeni, anamngoja mkwewe amrudishe nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nisamehe, toka yule baharia alipofika nilikuwa nikilirudiarudia neno hilo chumbani kwangu. Yeye akainua macho akanitazama kama siku ile, mikononi. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila nchi, ya Japani, ya Ufaransa, ya nchi ya chumvi, nikasema, "Kwaherini." Akajibu kwaheri, akamshika mama mkono, wakaenda zao.

Niliacha kusema picha mwezi ule. Bwana Lorenso akachukua mtu mwingine, mwenye sauti nyembamba, aliyesema sijui mara kumi kila siku. Na kweli watu hawakukimbia.

Kwa hiyo nyinyi wawili mtakaosimama kando ya pazia, mtapata kimya kile nilichokitaja. Kitawaita. Picha ikiwa ya Misri au ya Marekani, mtu ataona humo uso anaoutafuta, naye atawauliza. Sina la kuwaongezea zaidi ya alilonipa Bwana Lorenso nikalitupa.

Mtauliza kwa nini nimeandika sasa. Zuhura amefariki Shaaban iliyopita. Baadaye aliolewa na mzee mjane wa kule kule Fukayosi, hakupata mtoto. Nilikodi punda nikaenda mazikoni, nikakaa nyuma kabisa. Kijana mmoja wa pale akaniletea maji akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo babu. Marehemu alikuwa nani kwako?"

Nikasema, "Jirani." Na kutoka kwangu mpaka Fukayosi ni mwendo wa kutwa.